Saba Inakata, au Haikati?

Wiki hii sina neno na mashimo ya barabara wala na boda zinazopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Ugomvi wangu ni na karata. Siku hizi hapa Kampala mtu haalikwi kunywa bia yake kwa amani. Unakaa, unafunguliwa Nile baridi, na povu halijatulia kijana anaanza kuchanganya karata huku akiuliza, "Tunacheza kwa sheria za nani?"

Swali hilo linakula usiku mzima.

Waganda wana mchezo wao uitwao matatu, na msomaji wa Nairobi asianze kutafuta makanga, huku gari ni taksi. Kila mtu anapewa karata saba. Unatupa inayolingana na ya juu kwa namba au kwa aina, mbili inambebesha anayefuata karata mbili, ree inabadilisha aina. Mkenya akitazama dakika moja tu anasema, "Ah, si hii ni kadi!" na kuvuta kiti. Afadhali angebaki amesimama.

Kwenye kadi ya Nairobi, nane na malkia ni maswali, na ukiuliza unajijibu mwenyewe. Mfalme anarudisha mchezo ulikotoka. Tatu nayo inabebesha. Tena ukikaribia kumaliza bila kusema "niko kadi," ushindi wako ni kelele tu. Kwenye matatu malkia ni mama mtulivu asiye na neno na mtu. Mwenye neno ni saba. Karata inayofunuliwa mwanzoni ndiyo inayotaja aina, na saba ya aina hiyo inakata mchezo papo hapo: weka karata mezani, hesabu pointi, mwenye chache ndiye mshindi.

Basi piga picha. Jamaa wa Nairobi amebakiwa na karata moja, kumi ya shupaza, na ameshawatangazia majirani wote kwamba yuko kadi. Mwenyeji wetu anatupa saba ya kopa taratibu, kama anayelipa deni. "Nimekata, ssebo." Mkononi kabaki na tatu na nne. Saba dhidi ya kumi. Mwenye karata nyingi kashinda, mwenye moja anaambiwa anywe. Nimeona ndugu wakigawana shamba kwa kelele pungufu ya zile.

Na hapo hatujagusa pombe yenyewe. Ukitupiwa mbili, unabeba karata mbili, unapiga mafunda mawili, au vyote? Kila nyumba ina katiba yake. Shemeji yangu wa Mwanza, ambaye mchezo huohuo anauita lasti kadi, anashikilia kwamba anayekunywa ni aliyesahau kutangaza, wengine waachwe na bia zao. Ni msimamo mzuri sana kwa mtu ambaye hasahau.

Zamani kipimo cha adhabu hakikuwa na ubishi: kiroba kimoja cha waragi. Tanzania ikapiga marufuku viroba mwaka 2017, Uganda ikafuata 2019, na kwa afya za vijana sina pingamizi. Lakini hakuna aliyefikiria sisi tutapimia nini. Sasa adhabu inapimwa kwa kifuniko cha chupa, na wapo wanaojaza kifuniko mpaka kinamwagika vidoleni, na wapo wanaokiinamisha kidogo wakidhani hatuoni.

Mpwa wangu wa chuo kikuu anasema suluhisho ni michezo ya kisasa. Alituletea Mduara wa Moto na Kikombe cha Mfalme. Nilimuuliza tofauti. Kwenye wa kwanza karata zinazunguka kopo na anayevunja mduara anakunywa; kwenye wa pili kuna kikombe katikati kinachomiminiwa kila mfalme akitoka, na wa nne anakigida chote. "Kwa hiyo ni mchezo mmoja?" "Hapana mjomba, ni tofauti kabisa!" Kisha wenzake wakabishana robo saa kuhusu sita: wanywe wanaume au wanawake? Kuhusu ule mwingine wa kusema "sijawahi" na aliyewahi anywe, mimi sichezi mbele ya mke wangu, na mke wangu amegundua kwamba sichezi, kwa hiyo hata kutokucheza kumenigharimu.

Ndiyo maana nawaonea wivu wazee wa kilabu cha malwa. Chungu kimoja katikati, mirija mirefu, maji ya moto yanaongezwa, basi. Mrija usishike kwa mkono wa kushoto, usipulize mapovu, na hakuna anayeuliza sheria za nani. Ila kile kigoda chao kinavunja mgongo, kwa hiyo nilirudi kwa wenye viti.

Juzi Mganda alifikiri amepata mwamuzi. Akatoa simu, akafungua programu ya Matatu ya Kola Studios, akamwonyesha Mkenya: saba inakata, kompyuta yenyewe imesema. Mkenya akaiangalia simu kwa makini.

"Hii imetengenezwa wapi?"

"Hapahapa Kampala."

"Basi refa ni mtoto wa nyumbani. Nakata rufaa."

Rufaa ilikuwa inasikilizwa, shemeji akiwa jaji kwa kuwa hana upande, stima ikakatika. Giza totoro. Tukasikia karata ikigonga meza na sauti ya mwenyeji wetu ikisema, "Nimekata!"

Taa ziliporudi, juu ya rundo palikuwa na saba mbili, zote za kopa. Na bia yangu ilikuwa imefika nusu.