Sifa za Stika ya Kaboni

Washairi wa pwani wameusifu mnazi hata umekinai. Wamesifu jahazi, wamesifu mke mwema, na wapo waliosifu wakubwa wa serikali wangali hai na wangali madarakani. Stika ya kaboni haijapata msifu hata mmoja. Nasema ile plastiki nyeusi yenye vimiraba kama vya mkeka, inayokatwa kwa mita na kubandikwa kwenye tanki la pikipiki ya Boxer, kwenye madigadi, kwenye vifuniko vya ubavuni na popote pale chuma kilipoanza kuona haya. Leo naivalia njuga. Na naisifu ikiwa Ndau, kisiwa cha Wabajuni huko Lamu Mashariki, ukishapita Pate ukielekea Kiwayu, maana hadhi ya pambo hujulikana vizuri pale lisipohitajika kabisa.

Tuanze na nasaba, kama adabu inavyotaka. Mwaka 1879 Thomas Edison alichoma uzi wa pamba ukawa kaa, akautia ndani ya taa ukawaka. Mwaka 1958 Roger Bacon, mwanafizikia wa kampuni ya Union Carbide karibu na mji wa Cleveland, Marekani, akapata nyuzi za kaboni zenye nguvu zilizoshinda chuma cha pua. Wajapani na Waingereza wakaja na njia ya kuzitoa kwa wingi: uzi wa plastiki unapashwa moto taratibu, kisha unachomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi pasipo hewa ya kuuteketeza, mpaka vyote vinavyotoka vitoke, ibaki kaboni. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo zikifumwa na kugandishwa kwa gundi ngumu, hutoka kitu ambacho chuma cha ukubwa uleule hukishinda kwa uzito karibu mara tano. Mwaka 1981 McLaren wakaunda kwa kitu hicho kiwiliwili cha gari la mashindano ya Formula One. Leo ndege ya Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hiyo.

Huo ndio ukoo. Stika yetu haimo. Haina hata uzi mmoja wa kaboni. Ni plastiki iliyochapwa sura ya ufumaji, ikapakwa gundi mgongoni. Lakini sisi watu wa miji ya kale tunajua kwamba si wote walioingia ukoo mkubwa waliingia kwa kuzaliwa. Wengine walivaa vizuri, wakanyamaza, na baada ya vizazi viwili hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sifa ya kwanza ni ushujaa. Waingereza wa Rolls-Royce walitengeneza mapanga ya injini ya ndege kwa kaboni halisi, wakayatangaza, wakatamba nayo. Siku ya kuyajaribu kwa ndege wa angani, akarushwa kuku mfu kwa kasi, mapanga yakavunjika. Ikabidi warudi kwenye titani, gharama zikapanda, na Februari 1971 kampuni ikafilisika, ikachukuliwa na serikali. Sasa njoo uitazame stika ya Ndau. Hiyo hukutana na kuku kila siku ya Mungu, tena kuku hai, tena kuku wa watu. Kuku wanarushwa huku, dereva anarushwa kule, matusi yanarushwa juu, na stika iko palepale. Haijavunjika na haijafilisi mtu.

Sifa ya pili ni wepesi. Kaboni halisi huwekwa kwenye pikipiki za mashindano ili zipungue uzito. Stika huongeza uzito, gramu chache hivi, na bado mwenye pikipiki atakuapia kuwa tangu aibandike chombo kinapaa. Tazama kazi hiyo! Mhandisi anahitaji tanuri na mamilioni ili kuondoa kilo moja. Stika inaongeza gramu, na kilo zinaondoka zenyewe kichwani mwa mtu. Tena inaziondoa katika kisiwa kisicho na lami, ambako pikipiki ikikimbia kwa dakika chache imeshamaliza nchi kavu.

Sifa ya tatu ndiyo kubwa, na hapa naomba wanaodharau vya bandia watulie. Pikipiki haifiki Ndau kwa magurudumu yake. Inapakiwa mashua pamoja na magunia ya unga, saruji, godoro la bibi harusi na abiria, inafungwa kamba mlingotini, na kama safari imeanzia Amu, yaani mji wa Lamu, inapita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, maana yakikupwa mtasubiri. Wakati wa kusi mawimbi huipiga kabla haijaijua barabara yake. Ikishushwa ufukoni imekwisha kunywa chumvi. Kutoka hapo ni chumvi ya upepo mchana, chumvi ya umande usiku, na mchanga wa pwani kwenye cheni.

Katika hali hiyo, kaboni halisi ingekuwa balaa. Kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini, na maji ya chumvi yakaingia baina yao, vitu hivyo viwili huwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Watengeneza ndege na mashua wanalijua hilo, ndiyo maana hutenganisha kaboni na alumini kwa kitambaa cha nyuzi za kioo au kwa rangi. Jua nalo huichakaza ile gundi yake isipopakwa vanishi ya kuikinga. Tajiri mmoja akileta Ndau kifuniko cha injini cha kaboni ya kweli na kukifunga kienyeji kwenye injini ya alumini, ameleta adui aliyemlipia nauli. Stika ya plastiki haipitishi umeme, haili mtu. Ubandia wake ndio amana yake.

Wazee wa visiwa hivi waliuelewa ugomvi wa chuma na bahari zamani. Mtepe wa Wabajuni ulishonwa kwa kamba za kumbi, ubao kwa ubao, bila msumari. Kutu itakula nini? Mtepe wa mwisho ulipotea katika karne ya 20, na sisi wajukuu tukaletewa kilo mia na ushei za chuma kutoka India na China, tukaambiwa hiki sasa ndicho chombo. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki ndogo, chombo hicho kimeenea Kenya nzima, hata mahali ambapo punda bado anajiona ndiye mwenye barabara.

Hapo ndipo inapokuja sifa ya nne, nayo ni sitara. Nilimtazama kijana mmoja fundi wa Ndau chini ya mkungu akibandika tanki. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akabandua karatasi ya mgongoni kidogo kidogo, akawa anasukuma hewa kwa kadi kuukuu ya benki. Ukingoni, plastiki ilipokataa kukunjika, aliipasha kwa kibiriti cha gesi ikalainika, akaivuta, ikakubali. Povu la hewa lililobaki alilitoboa kwa sindano na kulilaza kwa kidole gumba. Wembe ukazunguka mdomo wa tanki. Kazi safi. Tatizo ni kwamba kabla ya hayo yote nilikuwa nimeona, karibu na mshono wa chini, kutu iliyokwisha kuvimba kama upele.

Nikamwambia, "Mwanangu, chini kumeanza kuoza. Mbona hukupiga msasa kwanza?"

Akajibu bila kuinua uso, "Ami, mwenyewe ameagiza kaboni. Msasa hakuagiza."

Mwenye hekima gani angejibu bora kuliko hivyo? Na kabla hujamcheka, ingia nyumba za mawe za Amu na Pate. Ule ukuta mweupe uliochongwa zidaka, unaopigwa picha na wageni, ndani yake ni matumbawe na udongo wa chokaa. Lipu ndiyo iliyoitwa ustaarabu. Waungwana walipaka chokaa juu ya jiwe lililojaa mashimo, na dunia ikaja, ikaandika mji wa Lamu katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2001. Kijana wa Ndau naye amelipaka tanki lake lipu nyeusi.

Tena stika haiko peke yake. Ina jamaa zake. Lipo kava la siti, jekundu na jeusi, lililovikwa juu ya siti ili siti isichakae. Juu ya kava ipo nailoni ya kiwandani, ambayo haikutolewa ili kava lisichakae. Juu ya nailoni huwekwa taulo, ili abiria asiungue na nailoni. Siti yenyewe iko chini huko, mpya kabisa, haijawahi kukaliwa na mtu. Mwenyewe atakapoiuza pikipiki ndipo atakapoivua, na atakayenunua ndiye atakayeikalia, kama hatakuwa na kava lake.

Wapinzani wananiambia: kava huficha unyevu, stika huficha kutu, na kilichofichwa huoza haraka. Kweli. Maji ya chumvi yakipenya chini ya plastiki, hayana pa kukaukia. Lakini waniambie wao, pikipiki ioshwe kwa maji gani? Dawa ya chumvi ni maji baridi, na Lamu Mashariki maji baridi ni mvua iliyolimbikwa kwenye jabia. Kiangazi jabia linaposhuka, mama atakutazama vipi ukichota ndoo mbili za maji ya kunywa kwenda kuosha rimu? Stika hufutwa kwa kitambaa kibichi, basi, inang'aa. Ni pambo linalojua kwamba kuna watoto wanaohitaji kunywa.

Tena pikipiki nyingi za kazi si mali kamili ya anayeziendesha. Zina deni la duka, au zina tajiri anayengoja hesabu ya jioni. Injini ni ya mkopeshaji, mafuta ni ya muuzaji, njia ni ya wote. Ile mita moja ya plastiki pekee kijana aliichagua mwenyewe na kuilipa taslimu. Anayetaka kuibandua kwa mzaha na aanze kwa kulipa deni.

Basi bandika, ndugu yangu, kwa moyo mkunjufu. Ila kwanza piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo ufunike. Cheni itie oili, kwa kuwa cheni haibandikiki. Na helmeti iache ilivyo: gundi na rangi huweza kudhoofisha ganda lake la plastiki, na kichwa kilichomo humo hakiuzwi kwa mita.