Jinsi ya Kunyanyua Vyuma Mjini Baraka Bila Kuchoka, na Bado Ukasifiwa

Sogea karibu, ndugu yangu. Unataka mabega yajaze shati, lakini kesho asubuhi hutaki kushuka kitandani kama mzee. Njia ya mkato ipo, na ni ya halali.

1. Pumzika bila aibu. Ukimaliza seti ya kwanza, weka chuma chini, geukia ziwa, itazame rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Itazame dakika tatu nzima. Wenzako watadhani unawaza mambo makubwa. Kumbe misuli inajaza akiba yake. Mzigo mzito hula fosfokreatini, nishati ya haraka inayopungua mno kwa sekunde chache tu. Karibu nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika, na sehemu kubwa ya iliyobaki baada ya dakika tatu hadi tano. Anayejitia ushujaa kwa kupumzika dakika moja anaanza seti ya pili akiwa na deni: kumi za kwanza huwa saba, kisha tano. Wewe mtazama ziwa unakaribia kumi kila mara. Jumlisha kilo: umemshinda, tena hukuhema.

2. Acha kabla chuma hakijakushinda. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza bure. Rudio lile la mwisho, la kutetemeka na kukunja uso, huongeza misuli kidogo sana na uchovu mwingi. Unaweza kuubeba siku moja au mbili. Bakiza marudio mawili. Chuma kikianza kupanda polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zote, hapo pametosha. Weka chini taratibu, pumua, na watu wataona mtu ambaye angeweza kuendelea. Sifa gani tamu kuliko hiyo? Ila kama chuma chako ni bomba lenye makopo mawili ya saruji, na ni chepesi kwako, songa karibu zaidi na kushindwa, la sivyo misuli haitashtuka.

3. Ivunje seti. Kumi zinakutisha? Piga tano, hesabu hadi ishirini, piga tano nyingine. Mzigo ni uleule, marudio ni yaleyale, uchovu unapungua.

4. Motari wa pikipiki anakungoja nje na huna muda? Changanya: sukuma kwa kifua, kisha vuta kwa mgongo. Kimoja kinapumzika kingine kikifanya kazi.

5. Hesabu magunia. Kama asubuhi ulishusha muhogo kwenye boti, mgongo umeshapiga seti zake, jioni uache. Uchovu haujali kama ulilipwa au la. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akaingia katika milima hii ya Fizi, na aliandika kwa uchungu kwamba wapiganaji aliowakuta huko waligoma kubeba mizigo, wakisema wao si magari. Yeye aliona uvivu. Mimi naona watu waliojua bei ya kupanda mlima na gunia kichwani.

6. Punguza idadi. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari majeruhi kwa vyuma, mwaka 1945 alipendekeza seti saba hadi kumi za marudio kumi. Miaka mitatu baadaye, yeye na Arthur Watkins walizishusha hadi tatu, mbili za kwanza zikiwa nyepesi. Mwalimu mwenyewe amepunguza. Wewe unaongeza ili umfurahishe nani?

Basi anza na siku mbili kwa wiki, ule bukari na ndagala, ulale mapema. Na ukimwona kijana anatapika kando ya ukuta baada ya seti ya nane, usimpigie makofi. Mpe maji, mvutie benchi, mwambie akae dakika tatu.