Namna ya Kumpima Mwalimu wa Udaktari Bila Kuhadaika na Tai Yake

Anza kwa kuondoa biskuti mezani. Nasema kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Münster, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakisoma tiba ya dharura. Makundi mengine yaliwekewa biskuti za chokoleti, mengine hayakuwekewa kitu. Waliokula waliwapa walimu wao alama za juu zaidi, wakasifu hata makabrasha ya somo kuliko wenzao. Basi siku ya tathmini, mhadhiri akiingia na sinia la sambusa, mpokee kwa heshima na sambusa zipeleke kwa wauguzi wa zamu.

Ukimaliza biskuti, geukia tai. Mwaka 1970, huko Marekani, madaktari wa akili, wanasaikolojia na wataalamu wa ustawi wa jamii walikaa kumsikiliza Dkt. Myron Fox, aliyetambulishwa kwao kama bingwa wa kutumia hisabati kuchunguza tabia za binadamu. Alihutubia, akajibu na maswali yao. Wengi wao walimsifu. Kumbe Fox alikuwa mwigizaji. Mada hakuijua hata kidogo. Donald Naftulin na wenzake walikuwa wamemfundisha kuchanganya vichekesho, maneno ya kubuni na kauli zinazopingana, na kuyasema yote kwa bashasha. Habari hiyo waliichapisha mwaka 1973, na mpaka leo kila anayetathmini walimu anapaswa kuisoma kabla hajashika kalamu.

Ikiwa wasomi wale walihadaika, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayejaza fomu huku akiwahi daladala atamjuaje bingwa wa kweli? Usimtwishe mzigo huo. Muulize anayoyajua yeye kuliko mtu yeyote: mwalimu alifika? Alimfokea mbele ya mgonjwa? Aliposema hajaelewa, alielezwa upya au alichekwa? Majibu yake hapo yana thamani kubwa, na fomu isiyouliza hayo iandikwe upya.

Sasa toka ofisini uende wodini, maana ualimu wa udaktari unaonekana kando ya kitanda. Mwaka 1990 George Miller alipanga umahiri wa daktari katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, na kutenda kazini. Wanafunzi tunawapandisha ngazi hizo bila huruma. Tunawazungusha kituo kwa kituo katika mtihani wa vitendo ambao Ronald Harden na wenzake waliueleza huko Dundee mwaka 1975. Mwalimu wao tunamwacha ngazi ya chini kabisa, tukihesabu shahada zake na makala alizochapisha. Huo ni upuuzi, na anayeulipia ni mgonjwa. Mpandishe naye.

Simama nyuma ya raundi, ukae kimya, utazame. Je, alimsalimu mgonjwa na kumwomba ruhusa kabla ya kumfunua? Alipouliza swali, alisubiri jibu, au alijijibu mwenyewe kabla kijana hajafumbua mdomo? Profesa anayejijibu ametoa mhadhara tu, hata kama amezungukwa na wanafunzi kumi. Mwalimu mzuri humtaka mwanafunzi aseme anadhani mgonjwa anaumwa nini, kisha humdai sababu: umeona nini, umesikia nini, umegusa nini? Baada ya hapo ndipo hufundisha kanuni moja, si kumi na saba. Tazama pia kama macho yake yanafuata mikono ya mwanafunzi. Na andika maneno yake ya kusahihisha kama yalivyotoka. “Vizuri, endelea” hayamsaidii mtu. “Umeweka stetoskopu juu ya shati, mwombe alifungue, usikilize tena” yanafundisha.

Usiende peke yako, wala usiende mara moja. Ziara moja hukuonyesha siku moja tu, na huenda mwalimu huyo ametoka kukesha na wagonjwa. Nendeni wawili, mmoja awe wa idara nyingine asiye na deni la kirafiki, mkubaliane mapema mtatazama nini. Karatasi ya vigezo mpe mwalimu aione kabla. Anayepimwa kwa siri hujifunza kujificha. Kisha, siku nyingine, wachukue wanafunzi wake mmoja mmoja, kila mmoja mpe mgonjwa, mwalimu asiwepo. Matokeo ya mwanafunzi mmoja yasimhukumu mwalimu, lakini wote wakikosea mahali pamoja, umejua pa kuanzia mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe yafanyike wiki hiyo hiyo, faraghani, mkiwa na maandishi yenu, bila kutaja kupandishwa cheo. Chagueni jambo moja la kurekebisha. Aliyezoea kujijibu apewe kazi ya kunyamaza baada ya kila swali, na baada ya miezi mitatu rudini kwenye raundi yake mkaone kama wanafunzi wameanza kuongea.