Jangwa Baada ya Pilau

Ukitaka kuona Kiingereza kinavyowatoa watu jasho, usihangaike kwenda darasani. Kaa kwenye benchi la steshenari yoyote ya Dar es Salaam, pale watu wanapotoa kopi na kuchapa barua, halafu utege sikio.

Ya mtaani kwetu inakuchekesha kabla hujaingia. Bango limeandikwa “Stationary”, kwa “a”, yaani kitu kilichosimama palepale. Vifaa vya kuandikia ni “stationery”, kwa “e”. Walimu hushika kichwa, lakini mimi namtetea aliyelichora. Maneno hayo yote mawili yanatoka tumbo moja la Kilatini: stationarius alikuwa mfanyabiashara mwenye kibanda cha kudumu, si machinga wa kuzunguka na mali begani. Wauza vitabu wa London wakalibeba jina hilo, na mwaka 1557 chama chao kikapewa hati ya kifalme. Kwa hiyo bango halijadanganya. Duka limesimama, na umeme ukikatika, kazi nazo husimama.

Siku moja aliingia mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi, na menyu aliyoiandika kwa mkono: pilau, kuku, kachumbari, na mwisho kabisa “Desert”. Kijana wa kompyuta akaipiga yote, kisha akasita.

“Mama, hapa umewaandalia wageni jangwa.”

“Jangwa limeingiaje kwenye shughuli yangu?”

“S moja ni jangwa. Vitamutamu vya baada ya chakula ni S mbili.”

“Mbona mashine yako haijaweka ule mstari mwekundu?”

“Haiweki, mama. Jangwa nalo ni neno halali.”

Mama akafikiri kidogo. “Sisi baada ya pilau tunatoa tende. Tende zinatoka wapi kama si jangwani?”

Benchi zima tukamuunga mkono. Kijana akaongeza S kimyakimya, maana mteja ni mteja.

Barua za kuomba kazi ndizo balaa zaidi. Watu wanaapa humo kwamba hawataki “to loose this opportunity”, yaani hawataki kuilegeza nafasi, utadhani ni mkanda wa suruali. Kupoteza ni “lose”, O moja. Lawama nyingine, kwa maoni yangu, ni za wachapaji. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, tahajia zikaanza kuganda kwenye karatasi, huku midomo ya Waingereza ikiendelea kubadilisha matamshi. “Meat” na “meet” zamani hazikufanana sauti. Leo zinafanana, na sisi tunalipia kurudia kuchapa.

Halafu kuna “borrow”, ya anayechukua, na “lend”, ya anayetoa. Kiswahili hakina shida hiyo: anayetoa anaazima, anayechukua anaazima, na maisha yanaendelea. Dada mmoja mwenye haraka alimgeukia mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye foleni.

“Shikamoo babu. Please borrow me your pen.”

“Marahaba. Lend,” mzee akasema, akimpa kalamu. Akaanza kueleza: nani mtoaji, nani mpokeaji, kitendo kinaelekea wapi, na mifano juu. Alipogeuka kuuliza kama ameeleweka, dada alikuwa ameshajaza fomu na kupanda bodaboda, kalamu mkobani.

“Mwalimu,” kijana akasema bila kuinua macho, “hiyo sasa si borrow wala lend.”