Ombi la Kumsamehe Mtoto Aliyezaliwa Mwaka Aliozaliwa

Kwa Shirikisho la Soka Afrika (CAF),
Misri.

Waheshimiwa,

YAH: MWANANGU KUWA NA UMRI WAKE HALISI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Mbagala, si mbali na ule uwanja wa Chamazi mlioutumia kwenye fainali zenu za vijana mwaka 2019. Ninaye kijana mmoja, winga wa kulia, mwenye tatizo ambalo nimelihangaikia bila mafanikio: ana miaka 16. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema hivyo, kadi ya kliniki inasema hivyo, mama yake anasema hivyo, na kwa bahati mbaya hata sura yake inasema hivyo hivyo. Kaptula ya jezi anaifunga kwa kamba ili isimdondoke.

Kocha wa timu yake ya mtaani ni muungwana, hakunificha. Aliniambia, "Mzee wangu, dogo mpira anaujua, ila mwili bado." Pembeni yetu alikuwa amesimama beki wa kati wa timu hiyo hiyo ya chini ya miaka 17, anaongea na simu, anamwomba mwalimu mkuu amvumilie hadi mwisho wa mwezi kwa ada ya mwanawe wa chekechea. Nikaelewa. Mwili wa beki haukuwa na "bado" yoyote.

Waheshimiwa, sikuja kumshtaki beki. Yeye ana familia. Nakuja kuomba mwanangu asamehewe. Kosa lake nalijua: alizaliwa tarehe 29 Desemba 2009 na wazazi wake, kwa kukosa maono, wakaenda kuiandikisha tarehe hiyo hiyo. Wenzetu walisubiri kwanza waone mtoto anacheza namba ngapi.

Na hata kwa ukweli wetu huo tulikosea siku. Kalenda yenu inaanza Januari Mosi, kwa hiyo aliyezaliwa Januari 2009 na huyu wangu wa Desemba ni rika moja kwenye karatasi, ingawa mmoja alikuwa anatembea wakati mwingine bado yuko tumboni. Hili si udanganyifu, ni hesabu tu, na makocha wa dunia nzima huichagua Januari bila hata kujua kwamba wanaichagua. Sisi wa Desemba tumezoea. Tunachoomba ni kwamba huyo wa Januari awe kweli wa Januari ya mwaka uliotajwa, si ya miaka minne nyuma yake.

Nisionekane sina shukrani. Watanzania tuna deni kwenu, tena deni la mfupa. Mnakumbuka, mwaka 2016 timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, Serengeti Boys, waliifunga Congo Brazzaville 3-2 hapa Dar es Salaam, wakaenda kufungwa 1-0 kule kwao, wakatolewa kwa bao la ugenini. Shirikisho letu, TFF, likalalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Congo. Nyinyi mkaagiza apelekwe kwenye kipimo cha MRI cha mkono. Hakupelekwa. Mwanzoni mwa 2017 mkaiondoa Congo, vijana wetu wakapanda ndege kwenda Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0 na kurudi nyumbani wakiwa na pointi sawa na hao hao Niger. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mkono wa mtu ukiipeleka nchi nyingine kwenye mashindano kwa kutotokea hospitali.

Tangu siku hiyo nakiheshimu sana kifundo cha mkono. FIFA walianza kukitegemea kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 kule Nigeria mwaka 2009, mwaka aliozaliwa mwanangu. Mashine huangalia mwisho wa mfupa pale karibu na kiganja, penye gegedu ambalo mfupa hutumia kurefukia. Kijana akiwa bado anakua, gegedu huonekana. Mfupa ukishajifunga kabisa, mwenye mkono huombwa kufungasha. Wapo wachache ambao mfupa hujifunga mapema na wakaumia bila hatia, na kipimo chenyewe hakimtaji mtu tarehe ya kuzaliwa. Lakini kwenye soka letu lenye vikao vingi, mfupa ndio mjumbe pekee ambaye hajawahi kudai posho.

Taabu ni kwamba ushahidi wake una mwisho. Akishavuka miaka 17 mfupa unanyamaza, na ndiyo maana kwenye mashindano ya chini ya miaka 20 tunarudi kwenye karatasi, na karatasi, kama mjuavyo, huandikwa na watu.

Karatasi ndizo zilizotufikisha kwenye sinema ya 2019. Tulikuwa wenyeji wa zile fainali zenu za chini ya miaka 17. Kwa upande wetu ilikwisha upesi: Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2, tukabaki kuuza maji na karanga kwenye mechi za wageni. Fainali Cameroon wakaichukua kwa penalti baada ya kutoka 0-0 na Guinea. Tukapiga makofi, tukaenda kulala. Kumbe Senegal, waliokuwa wamefungwa na Guinea kwenye kundi, hawakulala. Wakachimbua mashindano ya vijana yaliyochezwa Japani mwaka 2017, ambako wachezaji wawili wa Guinea waliandikishwa kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. Mkaiondoa Guinea, na Senegal wakaenda Kombe la Dunia kule Brazil.

Mlifanya vyema. Mliwafungia wale vijana wawili, na shirikisho lao mkalitoza faini. Ila mimi mzazi nina swali la kizazi. Hati ya kusafiria haijazwi na winga. Mtoto hatoki Afrika Magharibi akafika Japani kwa kuunga daladala. Yupo mtu mzima aliyepeleka jina, akabandika picha, akagonga mhuri, akasaini, akachukua na posho ya safari. Huyo mtu mzima yuko wapi? Amefungiwa mechi ngapi? Jina la kijana tulisomewa redioni hadi tukalikariri, na la mwenye kalamu sijawahi kulisikia hata mara moja.

Kabla ya mechi za kufuzu za Januari 2023, Samuel Eto'o, rais wa shirikisho la soka la Cameroon, aliamuru kikosi cha nchi yake cha chini ya miaka 17 kipimwe umri. Wachezaji 21 kati ya 30 wakaanguka. Watu wakacheka bara zima, na wengi waliocheka walikuwa bado hawajawapima wa kwao. Mimi sikucheka. Niliwafikiria wale tisa. Wale tisa, waheshimiwa, ni ndugu wa mwanangu kabisa! Kwa miezi walifanya mazoezi na watu wazima, wakapigwa vikumbo na watu wazima, wakaambiwa mwili bado. Natamani kungekuwa na nishani yao, hata ya bati.

Najua mtasema tatizo linaanzia kwetu chini, nami sibishi. Ukienda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, utamwona kijeba wa darasa la sita ambaye refa anamwamkia. Wilaya inataka kikombe, mkoa unataka kikombe, na mwalimu anayepeleka watoto wa kweli hurudi amefungwa saba na barua ya kujieleza juu. Nako vijijini wako wengi wasiojua kabisa tarehe zao. Walizaliwa msimu wa mvua nyingi, na cheti kikaja baadaye kikiwa kimekisia. Hao siwasemi. Nawasema wanaoijua tarehe na kuihamisha.

Lakini kikombe chenyewe nani anakiweka mezani? Mnasema fainali zenu za vijana ni mashindano ya kukuza vipaji, kisha mnayapa nembo, wimbo, zawadi na tiketi ya Kombe la Dunia la vijana hao, ambalo tangu 2025 linachezwa Qatar kila mwaka kwa timu 48, na 10 kati ya hizo zetu Waafrika. Kiongozi wa shirikisho anayetaka kura hawezi kusimama mbele ya wajumbe akasema, "Tulitolewa hatua ya kwanza, ila watoto wamekua vizuri." Atazomewa. Kwa hiyo anakwenda na waliokwisha kukua.

Nyinyi wenyewe umri mmekuwa mkiushughulikia kwa ustadi. Marehemu Issa Hayatou aliliongoza shirikisho lenu kuanzia 1988 hadi 2017, miaka 29, yaani karibu mara mbili ya maisha ya mwanangu. Mlikuwa na kanuni ya ukomo wa umri wa miaka 70 kwa viongozi. Mwaka 2015, yeye akiwa na 68, mkutano wenu mkuu ulipiga kura na kanuni ikafutwa. Hakuna aliyepelekwa kwenye mashine. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu mzima akizidi umri hubadilishiwa sheria kwa kura, na mtoto akizidi hubadilishiwa tarehe kwa siri. Anayefungiwa ni wa pili.

Wavulana waliozaliwa 2004 nao mliwashughulikia kwa namna yao. Fainali za 2021 zilikuwa zichezwe Morocco, Serengeti Boys walikuwa wamefuzu, ukaja ugonjwa wa korona mkazifuta. Uamuzi sikuulaumu. Nawasikitikia tu vijana waliokuwa na umri wao wa kweli, kwa sababu waliendelea kukua wakati wa kusubiri. Kijeba hana shida hiyo, mashindano yakiahirishwa anaahirisha na kuzaliwa.

Baada ya maelezo hayo naomba yafuatayo. Tarehe ya kwanza ya mtoto kufika kwenye daftari lenu, akiwa na miaka 12 au 13, ndiyo iwe tarehe yake hadi anastaafu, na daftari hilo wazazi tulione. Kila fomu iwe na jina la aliyeisaini, kwa herufi kubwa, na siku kijana anapofungiwa, jina hilo lisomwe kabla ya la kijana. Vipimo vifanyike mapema, kabla kikosi hakijachaguliwa, si wiki ya safari wakati mwenye haki hawezi tena kuitwa akaandaliwa.

Kama hayo ni mazito kwa bajeti, nina ombi dogo: mwanangu apewe kibali maalumu cha kucheza na wenye umri wa chini ya miaka 17, popote watakapopatikana.

Ningeshukuru kupata majibu kabla ya tarehe 31 Desemba 2026. Baada ya hapo mwaka wake wa kuzaliwa hautaruhusiwa tena kwenye daraja hilo, na sisi hapa nyumbani bado hatujapata mtu wa kutusaidia kumzalisha upya.

Wenu katika ujenzi wa soka la vijana,

Mzazi wa jezi namba 17, benchi.

Nakala: Ofisi ya Michezo ya Wilaya, kwa taarifa na kikombe.