Bati la Tikiti

Mjomba alitoka deltani na pesa ya kamba, akiagizwa mabati ya kuezekea nyumba kabla ya masika. Avuke hadi Nyamisati, apande gari la Kibiti, anunue, arudi na maji ya jioni. Kwetu safari haipangwi kwa saa. Maji yakikutupa, mtumbwi unalala topeni na wewe unalala nao.

Gari la asubuhi likampita. Akasogea kibandani karibu na gati, kulikokuwa na dubwi, ili apoteze muda.

Asiyelijua dubwi: unatumbukiza sarafu ya 200, ile ya Karume upande mmoja na simba upande wa pili, unabonyeza picha ya tunda, kengele au nyota, na taa inakimbia kuzunguka kioo huku spika ikipiga kelele za harusi. Kwenye poka ya video ya kule Las Vegas, mchezaji walau anachagua karata za kushika na za kutupa. Dubwi limekuachia uamuzi mmoja tu wenye uzito, nao ni wa kuinuka.

Mjomba hakuinuka. Alikuwa na elimu yake ya baharini: baada ya maji mafu huja bamvua. "Limekula tangu asubuhi, sasa litatapika." Binamu yangu, aliyemaliza kidato cha nne, alimweleza kwamba kila mzunguko ni mpya, haujui uliotangulia, na malipo yamepangwa mwenye mashine asilale njaa. Mjomba akamjibu, "Basi wewe umesoma," akatumbukiza nyingine. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inamzuia mtoto wa chini ya miaka 18. Mvuvi anayesubiri maji haikumfikiria.

Alasiri akapiga simu nyumbani: ameibiwa, atumiwe nauli. Mkaza mjomba hakutuma nauli. Alikuja mwenyewe, mimi nikiwa mpiga kasia. Tulimkuta kainama, paji la uso linakaribia kugusa kioo.

"Baba watoto, mwizi ndiye huyu?"

Hakupiga kelele. Aliulizia zimebaki ngapi. Zilikuwa sarafu tano. Akazichukua, akazitumbukiza zote, akabonyeza tikiti kwa sababu, alivyosema baadaye, ndilo tunda alilolitambua. Taa ikakimbia, ikachoka, ikasimama kwenye tikiti. Mashine ile ilikuwa inalipa tikiti mara 20.

Mjomba akaruka. "Limefunguka hilo! Usiliache!"

Mkaza mjomba alikuwa ameshapiga magoti anakusanya. Alizifunga kwenye pindo la kanga fundo juu ya fundo, akaelekea gatini. Mjomba alimfuata akimsihi arudi mara moja tu, hadi maji yalipomfika magotini.

Shilingi 20,000 ilitosha bati moja, nayo ikazua kesi. Bibi akaapa pesa ya kamari haitamfunika kichwa. Mwalimu wa madrasa, aliyeitwa kuamua, akasema pesa ya namna hiyo inaweza kwenda chooni. Kikaezekwa choo.

Masika yalipoingia, nyumba nzima ilivuja. Mjomba akaanza kulalamikia tumbo, na kila mvua ikinyesha anajifungia chooni na redio yake, wengine tunasubiri zamu nje tukiwa na sinia vichwani.