Tarehe za Mlangoni mwa Banda

Kwa miezi saba nilianika shuka kila asubuhi, na si kwamba nilikuwa nimezifua. Zilikuwa zimelowa jasho langu la usiku. Tunaishi pembezoni mwa Arusha, mahali ambapo mwezi wa Julai watu hujifunika mablanketi mawili, na mimi katikati ya baridi hiyo niliamka saa nane za usiku nywele zimeganda kichwani kama mtu aliyenyeshewa. Ikifika mchana niko salama, nasimama mbele ya darasa la nne nafundisha. Ikifika saa kumi na moja jioni mwili unaanza kuchemka, magoti yanauma, na ule uchovu unanishuka mabegani.

Nilianza na malaria, kama tunavyoanza wengi. Sikupima. Nilikwenda duka la dawa, nikanunua dozi ya mseto, na siku ya tatu homa ikashuka. Nikamshukuru Mungu. Baada ya siku kumi hivi ikarudi. Safari hii nilikwenda zahanati, nikatolewa damu, nikaambiwa ni taifodi. Nikameza vidonge, nikapata nafuu, halafu homa ikarudi tena. Baadaye nilieleweshwa kwamba kipimo kile cha Widal hutafuta askari wa mwili, si kijidudu chenyewe, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani kupita. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimetumia dawa na sijapona.

Basi nikaamua kuwa daktari wa mwili wangu mwenyewe. Nilichukua daftari la hesabu la binti yangu ambalo halijajaa, nikanunua kipimajoto, nikawa naandika kila jioni: tarehe, saa, joto, mahali panapouma. Usiku nasoma kwenye simu. Nina miaka 46, nikasoma kwamba ukomo wa hedhi huleta jasho la usiku, na moyo ukatulia wiki mbili nzima, mpaka nilipotazama daftari nikaona nyuzi 39. Ukomo wa hedhi hauleti homa ya namna hiyo. Nikahamia kwenye kifua kikuu, kwa kuwa nilikuwa nimepungua mpaka sketi za kazini nazifunga kwa pini. Nikapima makohozi, hamna. Hofu iliyokuwa imejificha nyuma ya hofu zote nikaikabili peke yangu siku ya Jumamosi, bila kumwambia mume wangu: nikapima virusi vya UKIMWI. Hamna. Nilikaa kwenye benchi nje ya kituo kile nikalia, kwa furaha na kwa kuchoka pamoja, maana sasa sikuwa tena na jina la kuuita ugonjwa wangu.

Nyumbani, mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa na dawa yake. Alisema ni baridi iliyoingia mifupani na mwili uliokosa nguvu. Kila jioni alinimiminia bilauri ya mtindi mzito kutoka kibuyuni, akakaa kando yangu mpaka nimalize. Mtindi ule alikuwa akiugandisha mwenyewe kwa maziwa mabichi ya ng'ombe wetu, kama mama yake alivyomfundisha, kwa kuwa maziwa yaliyochemshwa, alisema, hayagandi yakawa na ladha. Watoto hawakuupenda. Wao walikunywa chai ya maziwa tu, na maziwa ya chai huchemka. Nilikunywa mimi, akanywa yeye, akanywa mume wangu. Niliunywa kwa upendo uleule alionipa nao.

Mwezi wa Oktoba, alfajiri moja, mume wangu alishindwa kuinuka kitandani kwenda kukamua. Nilidhani ni mgongo. Alikuwa akilalamikia mgongo tangu mwezi wa tano, akisema ni barabara ya vumbi na pikipiki, na kila usiku nilimchua. Asubuhi ile alinishika mkono akasema, "Mama watoto, kuna jambo sijakuambia." Alikuwa na uvimbe na maumivu sehemu za siri, wiki ya tatu sasa. Alikuwa pia na homa za jioni, akimeza vidonge vya maumivu huko huko kazini ili nisijue, kwa sababu aliona nyumba haiwezi kubeba wagonjwa wawili. Naye alikuwa na majibu yake aliyoyapanga kichwani kimya kimya, mabaya kuliko ya kwangu.

Nilikwenda kukamua mimi. Kwenye mlango wa banda mume wangu huandika kwa mkaa mambo ya ng'ombe: siku ya kupandishwa, siku ya sindano, siku ya kuzaa. Mstari wa mwezi wa tatu ulisema: *ametupa*. Nikasimama pale na ndoo mkononi. Mtamba wetu alikuwa ametupa mimba ikiwa na miezi saba, usiku, mvua inanyesha, na sisi wawili ndio tuliomvuta ndama aliyekufa na kulitoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu, kisha tukanawa kwa maji na sabuni tukaenda kulala. Nikarudi ndani, nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, nilipokuwa nimeandika kwa kumbukumbu homa zilizotangulia. Homa yangu ya kwanza ilikuja wiki tatu baada ya usiku ule.

Daftari lile nilikwenda nalo hospitali, na mume wangu nikaenda naye. Daktari alisoma kurasa nne, akauliza, "Mnafuga?" Tukajibu kwa pamoja. Damu zetu zikapimwa, na majibu yakaja na neno moja kwa wote wawili: brusela. Wafugaji wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu ni homa inayopanda na kushuka kama mawimbi, ndiyo maana kila dawa niliyomeza ilionekana imefanya kazi. Tulipewa doksisaiklini na rifampisini, wiki sita kamili. Mkojo ukawa na rangi ya chungwa, tumbo likasokota, lakini hatukuruka hata kidonge kimoja, kwa kuwa tuliambiwa wazi kwamba anayeacha njiani hurudiwa.

Katika wiki hizo nilisoma tena, safari hii nikijua ninachosoma. Daktari David Bruce alikitambua kijidudu hiki mwaka 1887 kisiwani Malta, kwenye miili ya askari wa Uingereza. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akakikuta kwa mbuzi wa kisiwa hicho. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na ugonjwa ukaporomoka kati yao. Niliumia kusoma hivyo. Zaidi ya miaka 100 jambo hili linajulikana, na halikuwa limefika kwenye kibuyu chetu.

Bwana mifugo alimpima ng'ombe, naye alikuwa nao. Mchuuzi alifika siku mbili baadaye na bei nzuri. Tulikuwa tumetumia akiba yote kwa vipimo na dawa, na ada ya shule ilikuwa mlangoni. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, nami sikumlaumu. Aliyejibu ni Bibi, mwenye ng'ombe, aliyemnunua kwa fedha zake za kahawa. Alisema, "Sitampelekea mama mwingine shuka za kuanika." Ng'ombe akachinjwa mbele ya bwana mifugo, mume wangu akalipaka banda chokaa.

Maziwa sasa tunanunua kwa jirani. Bibi huyachemsha yote mpaka yapande juu ya sufuria, huyaacha yapoe, ndipo hutia vijiko viwili vya mtindi wa jana ili yagande. Anasema hayafikii yale ya zamani, na anakunywa.

Ndugu msomaji, kama homa yako inakwenda na kurudi na nyumbani kwako kuna ng'ombe, mbuzi au kondoo, mtajie daktari mnyama huyo kabla hajakuuliza. Na unayelala naye, muulize leo anaumwa wapi.